Mteja wa Kwanza wa Fundi

"Nipishe," Fundi alisema, akachomoka nyuma ya pazia na kumpokonya mkewe kipanya cha kompyuta. Alibonyeza mara mbili tatu kwa mkono wa kushoto, na kile kiprinta kikuukuu juu ya meza ya chakula kikakohoa, kikatema risiti iliyoandikwa vizuri. "Si hiyo hapo? Kitu kidogo namna hii!"

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Msusi, alikunja mikono kifuani. "Hongera. Umeshafukuzwa kazi."

"Nimetengeneza!"

"Umetengeneza kwa mkono. Mteja wako yuko mji mwingine huko, ameshika simu, wewe unamtokea dukani kwake kama jini. Rudi nyuma ya pazia, utengeneze kwa mdomo."

Fundi alirudi. Walijaribu tena, wakajaribu tena, na kila mara mambo yalikuwa yale yale. Aliweza kusema "bonyeza pale", na mkewe alipouliza "pale wapi?", pazia lilitikisika na mtu mzima akatokea, jasho linamtoka, mkono umeshanyooshwa. Mara ya mwisho alimwita mteja wake kichwa maji. Msusi aliinuka, akajifunga kitambaa chake kichwani, akatangaza kwamba kampuni imefungwa kwa leo.

Haikuwa mchezo, ingawa ilifanana na mchezo. Miezi kadhaa nyuma mkanda wa jenereta ulikuwa umemvuta Fundi mkono wa kulia. Madaktari waliuokoa mkono, lakini vidole vitatu viligoma kukunjika, na fundi wa kompyuta asiyeweza kushika bisibisi hana haja ya kufungua kibanda. Alikifunga. Vifaa vilivyobaki alikuja navyo nyumbani, akavipanga sebuleni, na yeye mwenyewe akakaa katikati yao kama kifaa kingine kinachosubiri mwenyewe aje kukichukua.

Habari ya kazi ililetwa na nywele. Dada mmoja aliyekuwa akisukwa alimwambia Msusi kwamba kampuni anayofanyia kazi, inayotengeneza programu za kompyuta za kuendeshea maduka, inatafuta watu wa kitengo cha msaada kwa wateja. Hawahitaji mtu wa kushika nyaya, alisema yule dada. Wanamhitaji mtu wa kupokea simu ya muuza dawa ambaye risiti zimegoma kutoka na foleni imefika mlangoni, amtulize, amwongoze hatua kwa hatua mpaka risiti itoke. Kazi ya mdomo tupu.

"Mdomo!" Msusi alicheka nusura amnyofoe mtu nywele. "Mume wangu huyo maneno huyatoa kama anayalipia ushuru." Lakini alimdadisi yule dada mpaka mwisho wa kichwa, akayameza yote: msalimie mteja, mpe pole, muulize tatizo limeanza lini, usikisie, usimkatize, na mwisho kabisa, hata kama amekutukana, muulize kama kuna jambo lingine unaloweza kumsaidia.

Na palikuwa na jambo la pili, ambalo Msusi alilisema siku hiyo hiyo akiwa anaosha vyombo, sauti ameishusha. "Kaka anakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi kumchukua Mama. Nimeshakubaliana naye. Ukipata kazi kabla ya hapo tutazungumza mengine. Usipopata, Fundi, nywele za watu hazitoshi kutulisha sote."

"Mara ile alirudi kutoka kwa kaka yako amekonda," Fundi alisema.

"Najua alivyorudi. Ni mama yangu mimi, si wako." Kisha akaongeza, sahani ikiwa mkononi, "Usinifanye niseme mara mbili. Mara moja yenyewe imenitoa roho."

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, na kuta zake zilikuwa hazijui kutunza siri. Mama yake Msusi alikuwa chumbani na mjukuu wake, analala naye kitanda kimoja, na alisikia kila neno. Asubuhi yake alipoelezwa rasmi, alijibu alivyozoea kujibu kila kitu: "Mimi sina neno."

*

Yeye mama ndiye aliyejitolea kuwa mteja. Jioni ya pili ya mazoezi, Msusi amechelewa kwa mteja, Fundi amesimama nyuma ya pazia akijisemesha peke yake kama aliyepandwa na homa, mama mkwe alitoka jikoni akifuta mikono, akavaa miwani, akavuta kiti mbele ya kompyuta.

"Nimekaa, baba," alisema. "Mashine yangu ni mbovu. Nisaidie."

Nyuma ya pazia Fundi alirudi nyuma hatua moja.

Inafaa ieleweke jinsi wawili hawa walivyokuwa wakiishi. Fundi alimheshimu mama mkwe wake kwa heshima ile ya kizamani, ya kukohoa kabla ya kuingia sebuleni na kuinuka kwenye kochi akimwona anakuja. Asubuhi shikamoo na marahaba, jioni shikamoo na marahaba, basi, na kila mmoja aliona hapo wamezungumza kweli kweli. Hakuwahi kumtuma hata kijiko. Sasa aanze kumwambia mkwe bonyeza hiki, chomoa kile, inama uchungulie chini ya meza! Bora angemwambia acheze ngoma.

"Mama," alisema hatimaye, "tuache tu. Nitamsubiri mwenzangu."

"Huyo mwenzako anajua kompyuta, ndiyo maana mnagombana. Mimi sijui. Huko kwa wauza dawa wako wengi kama mimi. Au nimekosea?"

Hakukosea. Fundi alishika pazia kwa mkono mzima, akafumba macho. "Shikamoo, mama. Umepiga simu kitengo cha msaada. Pole kwa usumbufu."

"Marahaba. Nimeshapoa, baba."

Walicheka wote wawili, kila mmoja upande wake wa pazia, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja tangu harusi.

Kisha kazi ikaanza, na Fundi akagundua jambo ambalo hakuna chuo kingelimfundisha haraka hivyo. Mkwe humkaripii. Ukimwambia atafute alama fulani kwenye kioo naye akakaa kimya, humfuati ukamnyang'anya kipanya. Unasubiri, na ukichoka kusubiri, unasubiri tena. Akikosea, humwambii amekosea, unamwambia labda mimi sikueleza vizuri. Basi Fundi, aliyekuwa akisema "bonyeza pale", alijikuta akisema, "Mama, ukiangalia chini kabisa, upande wa mkono unaolia chakula, kuna kipicha mfano wa kikaratasi kinatoka kwenye sanduku. Unakiona? Usiwe na haraka."

"Nakiona. Kina kidoa chekundu."

"Hicho kidoa ndicho kinachotusumbua."

Risiti ilipotoka, mama mkwe aliinua mikono juu kama aliyefunga bao. Fundi, kwa kufuata utaratibu, akauliza kutoka nyuma ya pazia: "Kuna jambo lingine ninaloweza kukusaidia?"

"Hakuna, baba. Mimi sina neno."

Mazoezi yakawa ya kila jioni. Msusi alirudi akawakuta, akasimama mlangoni kiatu kimoja mkononi, asiamini. Mama yake, ambaye hakuwahi kumsikia akipaza sauti tangu utotoni, alikuwa akipigia meza ngumi.

"Wewe kijana, programu yenu imenila hesabu zangu zote! Nitakuja hapo ofisini kwenu nimevua viatu!"

"Pole sana, mama. Naelewa. Hata mimi ningekasirika."

"Usinielewe, nitengenezee!"

"Huyu mama amemtoa wapi huyu mtu?" Msusi alinong'ona, lakini hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumjibu. Mama mkwe alikuwa amenogewa. Alijitungia duka la dawa, akajitungia duka la viatu, akawa mkali, akawa mlalamishi, akawa kiziwi. Kila jioni alibuni ubovu mpya, akachomoa waya kwa siri na kukaa juu ya karatasi za printa ili Fundi azitafute kwa maneno. Kwa kweli mwanamke huyu alikuwa na kipaji, na ni huzuni tu kwamba kilikaa muda wote huo jikoni bila kazi.

Jioni moja alizidisha. Alikuwa ni mwenye duka aliyechoka kuambiwa subiri. "Kila siku mnaniambia subiri! Nikae huku, nisogee kule, nisionekane wageni wakija. Nikikohoa, nina kelele. Nikila, watu wanaangalia sahani. Mtu mzima nahesabiwa matonge!"

Sauti ilikatika ghafla. Msusi alikuwa hayupo. Mtoto alikuwa nje. Fundi nyuma ya pazia alielewa kwamba hapo hapakuwa na duka lolote. Alijua pia kwamba mkwe humchunguzi. Basi akakamata utaratibu, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kukamata.

"Pole sana, mama," alisema taratibu. "Tatizo hilo limeanza lini?"

Kimya kilikuwa kirefu. Fundi wa zamani angekijaza. Fundi huyu alisubiri.

"Mashine, baba," mama mkwe alisema mwishowe. "Nazungumzia mashine."

"Ndiyo, mama. Kuna jambo lingine ninaloweza kukusaidia?"

"Hakuna."

*

Siku ya usaili Msusi alimpigia pasi shati, mama mkwe akamwombea dua mlangoni bila kumgusa, naye akaondoka na viatu vyake vya kazini, kwa kuwa vingine hakuwa navyo.

Dada wa mapokezi alimtazama viatu, akatazama mkono. "Fundi wa kiyoyozi? Mlango wa nyuma, tafadhali."

"Nimeitwa usaili."

"Oh." Alimwonyesha viti. Hakusema kwa ubaya hata kidogo, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Waliokuwa wamekaa walikuwa vijana watupu, safi, wenye vyeti ndani ya bahasha ngumu. Kulikuwa na msichana aliyewahi kufanya kazi benki, anasoma midomo ikichezacheza. Kulikuwa na kijana mwenye tai nyekundu aliyejua kila kitu na kukisema. Fundi alijikunyata kwenye kiti cha mwisho akipambana na kifungo cha mkono wa shati kilichofunguka njiani. Vidole vya kulia vilikataa, na vya kushoto havikuweza kujifungia kifungo cha mkono wa kushoto. Kijana mwenye tai aliacha hadithi yake katikati, akainama, akakifunga bila kuulizwa, kisha akaendelea na hadithi pale pale alipoiacha. Fundi hakumsahau kijana yule maisha yake yote.

Mtihani wa kwanza ulikuwa wa kuandika kwenye kompyuta. Wenzake walichapa kama mvua ya mawe. Yeye alidonoa kwa mkono mmoja, na muda ulipokwisha alikuwa na maswali ambayo hajayagusa. Msimamizi alisimama nyuma yake, akaangalia, akasema "Basi inatosha" kwa sauti ya mtu anayemzimia mgonjwa taa.

Kisha ikaja simu. Waliingizwa mmoja mmoja kwenye chumba kidogo cha vioo, wakavishwa vipokea sauti kichwani. Nje ya kioo walikaa wasaili watatu wakisikiliza. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mwenye mvi aliyeitwa Mkurugenzi na kila mtu. Chumba cha pili, pasipoonekana, alikaa mkuu wa zamu akijifanya mteja. Watahiniwa waliotangulia walitoka wakisimulia: anafoka, anatukana, na karatasi za risiti zinatoka tupu. Jibu walilijua karibu wote. Karatasi imewekwa kichwa chini. Ina upande mmoja tu unaoandikika.

Fundi naye alilijua. Aliketi, akashika ukingo wa meza, akaona mbele yake vioo na macho matatu, na maneno yote yakamtoroka. Basi akafumba macho na kulitafuta pazia lake.

"Wewe!" sauti ikanguruma sikioni. "Mashine yenu inatoa karatasi nyeupe! Nina wagonjwa hapa wamepanga mstari! Ninyi ni matapeli!"

"Shikamoo, mama," Fundi alisema. "Pole sana kwa usumbufu. Naona wagonjwa wamesimama, na wewe ndiye wanayekutazama. Si jambo dogo."

Sauti ilisita. Nje ya kioo msaili mmoja aliziba mdomo.

"Limeanza lini, mama?"

"Asubuhi. Nilipobadilisha karatasi."

"Vizuri sana umeniambia hilo, umenisaidia. Sasa usiwe na haraka. Naomba uichukue ile karatasi iliyoviringishwa, ukwaruze kidogo kwa ukucha upande wa juu. Pametokea alama nyeusi?"

"Hapana."

"Jaribu upande wa chini, mama. Nipo, nakusubiri."

Akasubiri. Mkuu wa zamu, ambaye siku nzima alikuwa amezoea kukimbizwa, alijikuta kweli ameshika karatasi na kuikwaruza. "Imetokea."

"Basi huo ndio upande unaoandika. Aliyeiweka hakukosea sana, karatasi hizi hufanana pande zote. Igeuze tu, ufunge mfuniko. Kuna jambo lingine ninaloweza kukusaidia, mama?"

"Lipo," mkuu wa zamu akasema kwa besi lake zito. "Mimi ni mwanamume."

Kicheko kilipenya kioo. Fundi alifumbua macho, akawaona wasaili wawili wameinamia meza, mabega yanawatikisika, na vijana kwenye viti huko nje wamegeuza shingo. Alivua vile vipokea sauti, akavilaza mezani taratibu.

Mkurugenzi peke yake hakucheka. Alifungua mlango. "Ulikuwa unazungumza na nani?"

"Na mama mkwe wangu," Fundi alisema. Kudanganya hakukuwa na maana tena. "Ndiye niliyefanya naye mazoezi. Mkwe huwezi kumfokea. Huwezi kumnyang'anya kitu mkononi, wala kumwambia hajui. Ukiwa na mkwe, mama, inabidi usubiri mpaka aseme mwenyewe."

Mkurugenzi alimshikia mlango. "Tutakupigia," alisema, na hayo ndiyo maneno waliyoambiwa wote.

*

Kazi aliipata. Nalisema mapema ili msomaji asikae roho juu: simu ilikuja siku ya kwanza ya kazi baada ya Jumamosi ya kaka, yeye na kijana mwenye tai wakaanza pamoja, na mpaka leo wateja humwulizia yule fundi wa pole. Lakini hayo yalikuwa bado. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ilifika kwanza, na Jumamosi ile simu ilikuwa imelala kimya mezani, na nyumba nzima ilikuwa imeacha kuitazama.

Kaka yake Msusi alikuja na gari, akapiga honi badala ya kubisha hodi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, na mama yake alikuwa moja ya mambo mengi aliyotakiwa kuyamaliza kabla ya mchana. "Shemeji, habari! Mizigo ni hiyo tu? Itupe nyuma."

Mama mkwe alitoka amevaa gauni lake la kutokea. Alikuwa ameacha sebule imefagiwa, waya wa kompyuta umekunjwa vizuri juu ya meza. Mjukuu alimng'ang'ania mguu, akaondolewa. Msusi alimpangusa mama yake begani vumbi ambalo halikuwepo, akaendelea kupangusa, maana angeacha angelia.

"Utakaa vizuri, Mama. Ni kwa muda tu."

"Mimi sina neno."

Fundi alilibeba begi mpaka garini. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Alisimama hapo, begi linaning'inia mkononi, halishuki wala haliingii.

"Shemeji, twende bwana, jua linapanda," kaka alisema kutoka kwenye usukani.

Fundi hakuwa na haki ya kusema, na alilijua hilo. Nyumba ilikuwa ikila jasho la mkewe; mama alikuwa mama wa wenyewe; mwenye gari alikuwa mtoto wa kumzaa. Mkwe hamwambii mkwe nenda, wala hamwambii baki. Lililobaki mikononi mwake lilikuwa moja. Aligeuka, akakohoa kama alivyozoea kukohoa mlangoni.

"Mama."

"Abee, baba."

"Kabla hatujaagana. Kuna jambo lingine ninaloweza kukusaidia?"

Msusi alicheka kidogo, kicheko cha machozi, akifikiri ni utani wa kuagana. Kisha akamtazama mumewe usoni, akanyamaza.

Mama mkwe alifungua mdomo. Jibu lake lilikuwa tayari, lile lile la siku zote, la miaka yote, alilomjibu marehemu mumewe, akawajibu watoto, akamjibu mke wa mwanawe aliyemhesabia matonge. Alilianza. Likakataa kutoka. Gari lilikuwa likinguruma, kaka akapiga honi kidogo, mtoto akapenga kamasi. Fundi alisubiri. Hakumsukuma wala hakumtilia maneno mdomoni. Alisimama na begi lake akasubiri kama mtu aliye nyuma ya pazia, mwenye siku nzima.

"Lipo," mama mkwe alisema.

"Nakusikiliza, mama."

"Sitaki kwenda."

Kaka alizima gari. Msusi alijifunika uso kwa viganja viwili, na kutoka humo sauti yake ikasikika: "Kwa nini hukusema, Mama? Siku zote hizi, kwa nini hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza, mwanangu. Niliambiwa tu."

"Asante kwa kutujulisha, mama," alisema Fundi, kwa kuwa ndivyo utaratibu ulivyotaka. Aliufunga mlango wa gari kwa mkono wa kushoto. Begi alilihamishia mkono wa kulia, akalipachika mkanda kwenye vile vidole visivyokunjika, navyo vikalishika mpaka ndani.